Biri za Kuba na Fremu ya Wakfu: Khitilafu ya Wanazuoni juu ya Tumbaku, Ilikotoka na Ilipofikia

Sifa zote njema anastahiki Allah (S.W.), Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), aali zake na masahaba zake wote. Amma ba'ad.

Ndugu msomaji, swali lililotusukuma kuandika makala haya lililetwa kwetu na kamati ya msikiti mmoja wa mitaa ya Kariakoo, Dar es Salaam. Msikiti huo, kama ilivyo misikiti mingi ya mjini, una fremu za maduka upande wa barabarani. Fremu hizo ni wakfu, na kodi yake ndiyo inayolipa umeme, maji na posho za walimu wa madrasa. Kijana mmoja mfanyabiashara, tunayemjua kwa kuhudhuria jamaa, aliomba kupanga fremu iliyokuwa wazi ili auze biri za Kuba, yaani zile sigara nene zinazosokotwa kwa majani matupu ya tumbaku. Alitaka pia kuweka humo chumba kidogo cha baridi ili azihifadhi miaka mitatu hadi mitano, kwani alisema biri nzuri huzidi ladha na bei kadiri inavyokaa. Kodi aliyoahidi ilikuwa karibu maradufu ya ile iliyokuwa ikilipwa na mpangaji wa zamani, na paa la madrasa lilikuwa linavuja.

Kamati iligawanyika. Wazee walisema kuwa tumbaku ni makuruhu, na kwamba ndivyo walivyosomeshwa na masheikh zao. Vijana walisema kuwa ni haramu, na kwamba asiyejua hilo hajasoma fatwa za leo. Wa tatu wao akasema kuwa huenda wote wamekosea, kwa sababu moshi wa biri hauvutwi hadi mapafuni kama wa sigara ya kawaida, na watu wazito duniani huzithamini kama vitu vya fahari. Basi wakatutaka tuandike.

Tuliona kuwa jibu la neno moja halitawafaa. Khitilafu hii ina historia ya zaidi ya miaka 400, na asiyejua historia yake huwadhania vibaya ama wazee ama vijana.

JANI HILI LILITOKA WAPI?

Tumbaku haikujulikana na Waislamu wa karne za mwanzo. Hakuna aya iliyoitaja kwa jina, wala hadithi, wala kauli ya Imam yeyote kati ya Maimamu wanne, kwa kuwa mmea huu ulikuwa ng'ambo ya bahari ya Atlantiki. Mwaka 1492, mwaka ule ule ambao Granada, mji wa mwisho wa utawala wa Kiislamu Andalusia, ulisalimu amri, Columbus alifika kisiwa cha Kuba. Alituma watu wawili waingie bara: Rodrigo de Jerez na Luis de Torres. Huyu wa pili alikuwa Myahudi aliyeingia Ukristo, naye alichukuliwa safarini kama mkalimani kwa kuwa alijua Kiebrania na kiasi cha Kiarabu. Walidhani watakutana na watu wa mashariki wanaofahamu lugha hizo. Badala yake waliwakuta wenyeji wakibeba majani yaliyosokotwa, wakiyawasha upande mmoja na kuvuta moshi upande wa pili. Hiyo ndiyo asili ya biri, na Kuba ndiyo nchi yake tangu siku hiyo.

Jani lilipofika Ulaya halikuingia kama starehe tu, bali liliingia kama dawa. Mwaka 1560 Jean Nicot, balozi wa Ufaransa mjini Lisbon, alilipeleka kwao kwa sifa ya kuponya, na jina lake ndilo lililobakia katika neno nikotini. Mwaka 1571 tabibu Monardes wa Seville aliandika juu ya maradhi mengi yanayodaiwa kutibiwa nalo. Mwanahistoria wa dola ya Uthmania, Ibrahim Peçevi, anaeleza kuwa Waingereza waliliingiza Istanbul mwaka 1009 Hijria (1600) na kuliuza kama dawa ya maradhi fulani.

Tunamwomba msomaji alishike jambo hili, kwani ndilo ufunguo wa yote yanayofuata. Wanazuoni wa mwanzo walioulizwa kuhusu tumbaku waliulizwa kuhusu kitu kigeni, kisicho na nassi, ambacho matabibu wenyewe walikuwa wakikisifu.

WANAZUONI WAWILI, AZHAR MOJA

Mjini Cairo walikuwapo wanazuoni wawili wakubwa wa madhehebu ya Maliki, wote wa zama moja na wote wa Azhar. Wa kwanza ni Sheikh Ibrahim al-Laqani (aliyefariki mwaka 1041 H), mtunzi wa Jawharat at-Tawhid inayosomeshwa katika madrasa zetu hadi leo. Aliandika risala ya kuwanasihi ndugu zake waepukane na moshi huu, na akauharamisha. Wa pili ni Sheikh Ali al-Ujhuri (aliyefariki mwaka 1066 H), naye akaandika risala ya kuuhalalisha.

Je, walikhitalifiana katika misingi ya dini? La hasha. Wote walikubaliana kuwa chenye kulevya ni haramu na kuwa chenye kumdhuru mtu ni haramu kwake. Walichokhitalifiana ni kama sifa hizo zimepatikana katika tumbaku au hazikupatikana. Hata anwani ya risala ya al-Ujhuri imebeba sharti ndani yake, kwani inataja uhalali wa moshi ule usioondoa akili. Wanazuoni wa usuli huita jambo hili tahqiq al-manat, yaani kuthibitisha kama sababu ya hukumu imepatikana katika kitu chenyewe.

Wanazuoni wengine walikwenda njia hizo hizo. Al-Qalyubi (aliyefariki mwaka 1069 H) katika Mashafi'i aliuharamisha. Mar'i al-Karmi (aliyefariki mwaka 1033 H) katika Mahanbali aliandika risala mahsusi, wala hakufikia kuuharamisha. Abdul Ghani an-Nabulsi wa Damascus (aliyefariki mwaka 1143 H), katika Mahanafi, aliandika kitabu cha kusuluhisha baina ya ndugu na akathibitisha uhalali, akishikilia kuwa asili ya vitu ni kuruhusiwa mpaka uje ushahidi. Ash-Shawkani wa Yemen (aliyefariki mwaka 1250 H) naye alikwenda upande huo. Waliokataza walitegemea madhara, harufu, israfu, na hadithi iliyopokewa na Abu Dawud kutoka kwa Ummu Salama (R.A.) kuhusu kila chenye kulevya na chenye kulegeza mwili.

UPANGA WA SULTAN MURAD

Wako waliotaka kulimaliza suala hili kwa nguvu. Mwaka 1633, baada ya moto mkubwa ulioteketeza sehemu ya Istanbul, Sultan Murad IV alipiga marufuku tumbaku na kufunga nyumba za kahawa. Watu waliuawa kwa kukutwa wanavuta. Kadhi mmoja, Mehmed Bahai Efendi, alifukuzwa kazi na kuhamishiwa Cyprus kwa sababu ya uvutaji. Hata hivyo, Katip Çelebi aliyeishi zama hizo na kuandika kitabu chake mwaka 1656 anaonyesha kuwa watu hawakuacha. Kadri adhabu ilivyozidi ndivyo walivyojificha. Murad alifariki mwaka 1640, na Bahai Efendi yule yule akaja kuwa Sheikhul Islam na kutoa fatwa ya kuruhusu.

Tunalitaja hili kwa ajili ya vijana wetu. Hata anayeona kuwa tumbaku ni haramu, haijuzu aifanye kuwa sawa na khamri. Tumbaku si najisi, haina haddi, na mvutaji hatoki katika jamaa ya Waislamu. Mmoja wa wanakamati alitwambia kuwa biri inayohifadhiwa miaka ni kama mvinyo unaohifadhiwa miaka. Tulimjibu kuwa hiyo ni qiyas pamoja na tofauti, kwani illa ya khamri ni kulevya, na illa tunayoitafuta hapa ni nyingine.

HADHRAMAUT, OMAN NA PWANI YETU

Elimu yetu ya pwani ilitoka kwa wingi Hadhramaut, na huko pia tumbaku ilizua mjadala. Al-Husayn, mwana wa Sheikh Abubakar bin Salim wa Inat, alijulikana kwa kuipiga vita tumbaku katika karne ya 11 Hijria. Kitabu Bughyat al-Mustarshidin cha Sayyid Abdulrahman al-Mashhur, ambacho masheikh wetu wengi wamekitegemea katika fatwa, kinalitaja suala hili na kukiri kwanza kuwa hakuna hadithi iliyokuja juu yake. Upande wa Oman, wanazuoni wa Kiibadhi walishika uharamu, na katika Uimamu wa Oman ya ndani zama za Imam Muhammad bin Abdallah al-Khalili (1920–1954) uvutaji ulikatazwa. Sheikh Ahmed bin Hamed al-Khalili, aliyezaliwa Unguja mwaka 1942 na kuteuliwa kuwa Mufti wa Oman mwaka 1975, aliendelea na msimamo huo.

Kwa watu wa kawaida wa pwani, hata hivyo, tumbaku iliingia kimya kimya. Iliingia katika uraibu pamoja na tambuu, popoo na chokaa, ikanuswa kama ugoro, na ikavutwa kwa kiko na buruma. Wengi wetu tumesomeshwa alifu na wazee waliokuwa na kikopo cha ugoro pembeni ya msahafu. Mwenyezi Mungu awarehemu. Walikuwa bora kuliko sisi, na walifuata waliyoyajua.

Kisha zikaja kampuni. Mwaka 1961 kilifunguliwa kiwanda cha sigara Dar es Salaam, na tumbaku ya mvuke na ya moshi ikawa zao la fedha katika Tabora, Urambo, Iringa na Songea. Sigara ikauzwa moja moja kila kona ya Msimbazi na Congo, na mchukuzi wa mizigo asiye na fedha ya chakula akawa na fedha ya sigara.

KILICHOBADILIKA NI NINI?

Mwaka 1950 watafiti wa Uingereza, Richard Doll na Bradford Hill, walichapisha uchunguzi wao uliowahusisha wavutaji na saratani ya mapafu. Mwaka 1964 mganga mkuu wa serikali ya Marekani alitoa ripoti iliyothibitisha hilo. Leo Shirika la Afya Duniani linahesabu kuwa tumbaku inaua zaidi ya watu milioni 7 kila mwaka, na miongoni mwao wamo wasiovuta bali waliokaa karibu na wavutaji.

Wanazuoni hawakubaki nyuma. Sheikh Muhammad bin Ibrahim, Mufti wa Saudi Arabia (aliyefariki mwaka 1389 H), aliandika fatwa ya uharamu. Sheikh Mahmud Shaltut, aliyekuwa Sheikh wa Azhar kuanzia 1958 hadi 1963, aliijenga hoja yake juu ya madhara ya mwili na mali. Mwaka 1988 ofisi ya Shirika la Afya Duniani ya Mashariki ya Mediterania ilichapisha fatwa za wanazuoni kadhaa juu ya suala hili. Dkt. Nasr Farid Wasil, aliyekuwa Mufti wa Misri hadi 2002, naye aliharamisha.

Hapa ndipo wengi wanapokosea. Husema: "Dini imebadilika, jana makuruhu, leo haramu." Sivyo. Hukumu huzunguka pamoja na illa yake. Sharti waliloliweka walioruhusu, kwamba mtu asidhurike, ndilo lililoporomoka. Lau al-Ujhuri na an-Nabulsi wangeletewa yale yanayojulikana leo, basi kanuni yao wenyewe ingewapeleka walikofika al-Laqani na al-Qalyubi. Hatusemi hivi kwa kuwasemea maiti, bali kwa kuwa sharti lao limeandikwa.

JE, BIRI YA KUBA INA THAMANI?

Tuwe waadilifu kwa kijana wetu, kwani hakusema uongo kuhusu bidhaa yake. Majani ya Vuelta Abajo katika mkoa wa Pinar del Río yana sifa duniani. Hukaushwa kwa hewa, huvundikwa yakatoa joto na ukali wake ukapungua, kisha husokotwa kwa mkono. Partagás imekuwapo tangu 1845, Montecristo tangu 1935, Cohiba tangu 1966. Biri moja ya daraja la juu huweza kupita dola 100. Ni kweli pia kwamba ikihifadhiwa katika sanduku la mbao, kwa ubaridi usiozidi nyuzi 18 hivi na unyevu wa asilimia 65 hadi 70, harufu ya amonia huondoka na moshi hulainika.

Lakini kinacholainika ni ladha, si sumu. Kule kuvundika majani huzalisha kwa wingi kemikali za jamii ya nitrosamini zinazosababisha saratani, na kukaa miaka mitano hakuziondoi. Ama hoja kwamba moshi haumezwi, jibu lake ni kuwa nikotini ya biri huingia kupitia utando wa mdomo, na biri moja kubwa huweza kuwa na tumbaku sawa na pakiti nzima ya sigara. Saratani za mdomo, koo na umio humfuata mvutaji hata kama hakupeleka moshi mapafuni.

Tuongeze na la hapa kwetu. Joto la Dar es Salaam huangua mayai ya mdudu wa tumbaku yaliyojificha ndani ya majani, naye huitoboa biri mpaka ikawa kama chujio. Unyevu wa pwani huleta ukungu. Anayehifadhi biri Kariakoo hana budi awe na kiyoyozi kisichozimika mchana wala usiku, na umeme wetu tunaujua. Basi ni mali inayowekwa kwenye hatari ili ije ichomwe moto. Tukikumbuka kuwa Qur'ani katika Surat al-Israa imewaita wabadhirifu ndugu wa mashetani, fahari yake inapungua machoni petu.

Na wenye biri wenyewe tuwatazame. Che Guevara, aliyejificha katika ubalozi wa Kuba hapa hapa Dar es Salaam mwishoni mwa 1965 baada ya kushindwa kwake Kongo, alivuta biri hali akiwa mgonjwa wa pumu. Fidel Castro, aliyezuru Tanzania Machi 1977, alijulikana dunia nzima kwa biri yake mdomoni. Lakini mwaka 1985 aliiacha ili awe mfano kwa watu wake, na mwaka 1988 Shirika la Afya Duniani likamtunuku kwa hilo. Huyu hakuwa mtu wa fiqhi, na biri ilikuwa utajiri wa nchi yake. Ikiwa mwenye mali ameiacha baada ya kujua, basi sisi tunaosoma Qur'ani tunangoja nini?

MASALA YA FREMU

Turudi kwa kamati. Wazee walileta Hashiya ya al-Bajuri, Sheikh wa Azhar aliyefariki mwaka 1860, juu ya sharhe ya Ibn Qasim. Walisema kweli: humo imetajwa kauli ya uharamu, kisha yenye kutegemewa ikawa ni makuruhu. Tukawaomba waendelee kusoma. Mistari inayofuata inaeleza kuwa inaweza kuwa haramu, kama mtu anainunua kwa fedha inayohitajiwa na ahli zake, au akiwa na yakini ya madhara yake.

Hapa hatuna budi tukiri la kwetu. Mwaka 1999, tukiwa vijana tuliorudi karibuni kutoka masomoni, mchukuzi mmoja wa mizigo wa sokoni alitujia baada ya Alasiri. Alituuliza: "Sheikh, sigara ni haramu? Ukisema haramu, naacha leo." Tulimjibu kwa kitabu hicho hicho: makuruhu, ukiacha una thawabu, ukivuta huna dhambi. Akafurahi, akatubusu mkono, akaondoka. Hatukumuuliza anakohoa kiasi gani. Hatukumuuliza watoto wake wamekula nini. Mwaka 2011 tulikuwa miongoni mwa waliomwosha. Saratani ya koo ilikuwa imemmaliza, na alikuwa mwepesi kama mtoto. Ajali ni kwa kalamu ya Allah (S.W.), wala hatusemi kuwa jibu letu lilimuua. Lakini alituahidi kuacha kwa neno moja, na sisi hatukulisema. Kitabu hakikukosea. Sisi ndio tuliosoma nusu yake.

Kwa hiyo tuliwajibu kamati kama ifuatavyo. Kwanza, tunaloliona lina nguvu leo ni uharamu wa kuvuta tumbaku, iwe sigara, biri au shisha ambayo Serikali yetu iliipiga marufuku mwaka 2016, kwa kuwa madhara yamethibiti. Pili, waliobaki katika kauli ya makuruhu wasitukanwe, kwani wana watangulizi. Waombwe tu wasome masharti ya watangulizi wao. Tatu, fremu ya wakfu isikodishwe kwa biashara hii hata kwa anayeona kuwa ni makuruhu. Msimamizi wa wakfu ni mwenye amana, wala si maslahi ya msikiti kuchukua kodi ya kitu ambacho khatibu wake anakikemea juu ya mimbari. Nne, kijana asivunjiwe heshima. Aelezwe kwa upole, na asaidiwe kupata bidhaa nyingine.

Kijana alisikia, akanyamaza kwa muda, kisha akasema kuwa ameshalipia kasha mbili za mwanzo. Tulimshauri azirudishe kwa aliyemuuzia, hata kama atapata hasara, kuliko kumhamishia ndugu yake madhara. Alizirudisha kwa nusu ya bei. Fremu ilikaa tupu miezi minne, kisha ikapangwa na muuza madaftari kwa kodi ya zamani. Paa la madrasa lilivuja msimu mmoja zaidi wa masika, na watoto walisoma wakiwa wamesogea upande mmoja.

Wako waliotulaumu kwa hilo. Sisi tunamkumbuka yule mchukuzi, na tunaona kuwa maji ya mvua yalikuwa mepesi zaidi.

Tunamwomba Allah (S.W.) awarehemu wanazuoni wetu waliotangulia, waliokataza na walioruhusu, awaponye waliopatwa na mtihani huu, na atujaalie tuwe wenye kusoma kitabu mpaka mwisho wa mstari. Wallahu a'lam.